Hili Dude Limerogwa

Pilipili, kama wenzake kazini walivyomwita, hakuna watu aliowachukia kama wale wanaoandika "Nimeshatatua" kwenye jukwaa la watengeneza programu bila kusema wametatuaje.

Sasa msaidizi wake wa akili bandia alikuwa akiufuta ukurasa wa usajili wa tovuti aliyokuwa akiitengeneza kila asubuhi, siku ya tatu hii. Akaja juu, akaandika jukwaani: "Jamani, hili dude limerogwa!"

"Pole, dada. Hebu tuonyeshe faili la maagizo ya kudumu, yale ambayo hilo dude huyasoma kila linapoanza kazi," mmoja akamjibu.

Akalifungua. Mstari wa mwisho aliuandika mwenyewe Ijumaa, hasira zimempanda: "Ukurasa wa usajili ni upuuzi mtupu. Futa!"

Akacheka mpaka mbavu zikamuuma. Akauondoa mstari, akarudi jukwaani.

"Nimeshatatua. Asanteni!"

Akafunga kompyuta mbiombio.