Ncha ya Kisu cha Jikoni

Mdomo uliponza kichwa, na kichwa chenyewe ni hiki changu. Shemeji mkubwa aliitoa stoo cherehani kuukuu ya mama mkwe, akaibwaga sebuleni mbele ya familia nzima, akaniuliza kama fundi mzima naiweza. Ningenyamaza ningekufa? Nikajibu kwamba hakuna cherehani iliyowahi kunishinda.

"Vizuri," akasema. "Ukimaliza itakaa pale dirishani, nawe utashona hapahapa nyumbani. Mke wa mdogo wangu kushinda kibandani katikati ya wanaume, haipendezi. Na ikikushinda, kibanda ukifunge vilevile, maana utakuwa fundi gani?"

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa anakagua kucha zake.

Kibanda hicho cha kutengeneza cherehani nimekipigania miaka sita. Ndipo mahali pekee duniani ninapoitwa Fundi. Humu ndani mimi ni "lete chai". Sasa nikiitengeneza cherehani nakipoteza, nisipoitengeneza nakipoteza. Nilikasirika mpaka meno yakaniuma.

Na cherehani yenyewe ilikuwa marehemu. Paa la stoo liliiangukia zamani, mvua ikainyeshea miaka nenda rudi. Gurudumu limepinda, meza imeliwa na mchwa, kutu imeshika kila kiungo. Nikaimiminia mafuta ya taa, nikaiacha siku tatu, kisha nikaanza kuisugua kwa msasa laini. Chini ya uchafu maua ya dhahabu yakatokeza shingoni, moja baada ya jingine. Loo, ilikuwa nzuri! Kwa siku mbili nilisahau hata hasira zangu.

Nilipoilaza kufungua tumbo lake, mambo yakawa mengine. Skrubu za chini hazikuwa na kutu sana, lakini vichwa vyake vilikuwa vimechubuliwa. Kuna mtu aliyezifungua kwa kitu kisicho bisibisi. Kutu haichagui pa kula. Mkono wa mtu ndio unaochagua. Ndani kabisa, pale shato, kile kikombe cha uzi wa chini, linapozunguka, kulikuwa na kipande chembamba cha chuma kimeshindiliwa. Nikakichomoa kwa koleo. Ilikuwa ncha ya kisu.

Kisu chenyewe nakijua. Nakatia vitunguu kila siku, kimekatika mbele, na mama mkwe hataki kabisa kitupwe.

Nilimkuta jikoni anachambua mboga. Nikafumbua kiganja mbele yake. Hakushtuka hata kidogo.

"Umechelewa," akasema. "Nilidhani utaiona siku ya kwanza."

"Mama! Ni wewe?"

"Nani mwingine? Miaka kumi na tisa nilikaa pale dirishani, natazama ukuta wa jirani. Sare za watoto, mapazia, nguo za harusi za watu. Nikiomba kutoka, baba yao anasema malizia hii kwanza. Na hii haikuisha, mwanangu. Siku moja nikaona hiki chuma kitanizika. Nikachukua kisu." Akatupa jani bovu. "Walilia kama wamefiwa. Mimi nikavaa viatu, nikaenda zangu kutembea."

Nilicheka mpaka nikajishikiza ukutani, kisha kicheko kikageuka kilio.

"Nifanyeje, mama? Niirudishe hii ncha ndani?"

"Watasema imekushinda, na kibanda kitafungwa. Itengeneze."

"Halafu nikae pale mimi?"

Akaendelea na mboga zake, nami nikarudi kwenye bisibisi yangu nikiwa sina pa kushika.

Jumapili wote walikuja. Nikazungusha gurudumu, cherehani ikashona mstari mmoja ulionyooka bila kukohoa. Shemeji mkubwa akapiga makofi, akavuta kiti hadi dirishani.

"Haya, shemeji, karibu kitini."

Miguu yangu ikagoma. Na kabla sijaivuta, mama mkwe alikuwa amesimama, amevuka sebule, amekaa.

"Cherehani hii ni yangu," akasema. "Niliachiwa na mama mkwe wangu, na sijafa bado. Nguo za nyumba hii nitashona mwenyewe."

"Lakini mama, macho yako..."

"Macho yangu yamekuomba msaada? Mwacheni Fundi aende kazini."

Fundi! Ndani ya nyumba ile! Shemeji mkubwa akarudi kukaa.

Uzi ndio uliomshinda. Aliupitisha kando ya tundu la sindano mara mbili, nikapiga magoti nikamtungia. Nikiwa pale chini niliona miguu yake ikilitafuta kanyagio na kulipata bila kuangalia. Alikuwa ameinua uso kuutazama ukuta wa jirani. Na ni mimi niliyelifufua lile dude.

Akaniinamia kama anayeangalia uzi.

"Ile ncha umeiweka wapi?"

"Ninayo mfukoni, mama."

"Usiitupe," akanong'ona. "Siku nikikwambia nimechoka, unajua pa kuirudisha."