Mgeni wa Mengineyo

Roboti ya Papa Apollinaire ilivuka ziwa kutoka Kigoma ndani ya sanduku la mbao, imelazwa juu ya magodoro mawili, huku abiria wenyewe wamekalia magunia ya unga. Bandarini Kalemie, upande wa Kongo, ilipokelewa kwa soda na hotuba. Mama Godelieve, aliyekuwa amewapokea wageni wa kampuni ya maboti ya pale bandarini kwa miaka ishirini na miwili bila kupewa hata biskuti ya shukrani, alichaguliwa kukata utepe. Akaukata. Mtu akiambiwa achimbe kaburi lake, angalau apewe jembe zuri. Yeye alipewa mkasi butu.

Jina lake roboti lilikuwa Elodie. Ilikuwa nyeupe pe, yenye magurudumu badala ya miguu, na tumboni kioo chenye vitufe vinne: tiketi, mizigo, malalamiko, mengineyo. Ilizungumza Kifaransa safi na Kiswahili cha redio. Hata Mama Blandine, mama mzazi wa Papa Apollinaire, alituma kutoka Moba kapu la dagaa wakavu kwa ajili ya "mufanyakazi mupya". Kwa kuwa mfanyakazi mpya hakuwa na mdomo wa kulia, dagaa waliliwa na Mama Godelieve, na walikuwa watamu.

"Haili, haiugui," alisema Papa Apollinaire, mwenye kampuni, akipanga sifa kwa vidole. "Na zaidi ya yote, haiendi matanga. Mama Godelieve, mwaka jana ulienda matanga mara ngapi?"

"Mara tisa, Papa. Moja ilikuwa ya baba yako mukubwa."

"Unaona sasa!"

Masharti yalikuwa mepesi. Elodie ingejaribiwa mwezi mmoja. Ikimaliza bila kusaidiwa na mtu, Mama Godelieve angekwenda nyumbani na cheti cha pongezi. Ikishindwa, angebaki na kiti chake. Na ili jaribio liwe la haki, alikatazwa kusema na mgeni yeyote. Kazi yake ikawa kuifuta Elodie vumbi na kuwasha jenereta umeme ukikatika.

"Hata bonjour hapana, Mama," aliambiwa. "Hii mashini njo itasema. Ukisema neno moja tu, nitahesabu imeshinda."

Basi akafunga mdomo. Aliiombea Elodie mabaya yote ambayo Mkristo anaweza kuomba bila kulazimika kuungama: unyevu, radi, panya. Elodie ikazidi kunawiri. Wageni walilalamika wiki ya kwanza, wakazoea wiki ya pili, na wiki ya tatu kuna kijana aliiambia "asante, mama" mbele ya Mama Godelieve. Siku hiyo alikwenda nyumbani na kichwa kinamgonga.

Siku ya mwisho ya jaribio ilikuwa Alhamisi. Saa tatu asubuhi, boti kutoka Moba ilipokwisha kufunga gatini, akaingia ofisini mzee mmoja mwenye koti lililokunjamana. Alivua kofia mlangoni, akaishika kwa mikono miwili. Hakutazama bei ukutani. Mama Godelieve akajua papo hapo.

Mtu aliyebeba habari ya kifo hatambulikani kwa machozi. Hutambulikana kwa namna anavyokaa: ukingoni mwa kiti, akingoja aulizwe. Maana habari ya namna hiyo haipigwi simu, wala haitupwi mezani. Aliyeileta huketishwa, hupewa maji, huulizwa habari za safari, za mvua, za watu. Akifika kwenye watu huinamisha kichwa, na aliyeuliza huelewa, kisha huenda kumwambia mwenyewe taratibu. Miaka yote ile, mwulizaji alikuwa Mama Godelieve, ingawa kazi hiyo haikuandikwa kwenye karatasi yoyote, na ndiyo maana hakuna aliyekumbuka kuifundisha mashini.

"Jambo," mzee aliiambia Elodie.

"Karibu! Chagua huduma."

"Jambo," akarudia, maana labda haikusikia.

"Chagua huduma."

Mzee akavisoma vitufe polepole. Hakutaka tiketi. Hakuwa na mzigo, au tuseme hakuwa na mzigo wa kupimwa kilo. Malalamiko? Angemlalamikia nani, Mungu? Akabonyeza cha nne. Ikatoka karatasi: namba kumi na saba. "Utaitwa," Elodie ikamwahidi, na macho yake ya buluu yakang'aa.

Hakuitwa. Mgeni wa mengineyo alihitaji kibali cha Papa Apollinaire, ofisini kwake ghorofani, naye alikuwa ameufunga mlango huo wa mengineyo tangu wiki ya kwanza, kwa sababu ndimo walimopitia binamu na mashemeji wa kuomba kusafiri bure. Mashini haikukosea. Tuwe wa haki.

Saa sita mchana simu ya mezani ikalia.

"Mama, hapa kwenye kioo naona namba kumi na saba angali anangoja. Ni nani?"

"Ni muzee, Papa. Ametoka Moba. Naona yuko na neno. Nimuulize?"

"Usimuulize! Imebaki nusu siku tu. Huyo binamu, njaa itamuondosha."

Tuseme ukweli: Mama Godelieve aliinuka. Alifika katikati ya chumba na jagi la maji mkononi. Nusu ya wafanyakazi walikuwa na ndugu Moba, na kifo kile huenda kilikuwa cha jamaa ya mmoja wao. Kisha akaitazama Elodie, akasema moyoni: acha ishindwe. Ishindwe mbele ya mzee huyu, nami nibaki na kiti changu. Akayamwaga maji kwenye ua la plastiki, akarudi kuketi.

Saa tisa kamili boti ikaondoka kurudi Moba. Kamili! Haijawahi kutokea. Zamani, akiingia mtu wa kofia mkononi, Mama Godelieve alikuwa akimtumia nahodha neno: ngoja kidogo. Papa Apollinaire alisimama dirishani juu akaipigia makofi peke yake. Boti nyingine ilikuwa ya Jumatatu.

Saa kumi na moja jaribio likaisha. Mama Godelieve akamimina maji, akampelekea mzee.

"Karibu, Papa. Habari ya safari?"

"Muzuri kidogo."

"Mvua huko?"

"Inanyesha."

"Na watu?"

Mzee akainamisha kichwa. Alikuwa amengoja muda wa saa nane kukiinamisha.

"Matanga ya nani, Papa?"

"Ya Mama Blandine. Jana usiku. Tunazika kesho asubuhi. Walinituma nimuchukue mutoto wake wa kwanza, turudi na ile boti."

Mama Godelieve alipanda ngazi akiihisi kila moja. Papa Apollinaire alimpokea kwa kicheko, cheti cha pongezi kiko tayari mezani.

"Keti, Papa."

"Sema haraka, Mama."

"Keti kwanza. Kunywa maji."

Kabla ya kuwa mwenye maboti alikuwa mtoto wa Moba. Akaitazama glasi, kicheko kikamwisha.

"Ni mama yangu?" akauliza. Mama Godelieve akainamisha kichwa.

Papa Apollinaire alimpigia nahodha, lakini boti ilikwisha toka kwenye mtandao. Barabara, kwa mvua ile, ilikuwa siku mbili kwa pikipiki. Ziwa lilikuwa limechafuka na hakuna mwenye mtumbwi wa injini aliyekubali kutoka. Akakaa chini sakafuni.

"Ulimuona tangu saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Na ulijua?"

Jibu lilikuwepo. Alikuwa amelinoa mwezi mzima: ulinikataza, Papa. Sasa zamu yake ilipofika, akaliacha.

"Nilijua kuna kifo. Sikujua ni chako. Nilitaka mashini yako ishindwe."

Papa Apollinaire hakumtukana. Wakalia wote wawili, yeye kwa mama yake, Mama Godelieve kwa aibu na kwa wale dagaa.

Kutoka chini sauti ya redio ikapanda: "Wageni wa leo: sitini na watatu. Malalamiko: hakuna. Makosa: hakuna. Mwezi umekamilika bila msaada. Asanteni."

Kwa masharti yale, ilikuwa imeshinda. Mama Godelieve akashuka, akaisukuma Elodie pembeni, akaigeuzia uso ukutani. Akaichukua ile karatasi ya kumi na saba mkononi mwa mzee, kisha akaanza kupanga viti, maana habari ilikwisha zagaa bandarini na watu wa matanga walikwisha anza kuingia, na ilibidi awepo wa kuwapokea.