Pindo la Vidole Vinne

Kwa miaka kumi na mitatu nguo zote za maiti pale kanisani zilipita mikononi mwa fundi mmoja, mama wa maneno mengi na mkono mwepesi. Nguo zenyewe hazikuwa nzima, na kwa nini ahangaike? Mgongo aliuacha wazi ili wahudumu wa mochwari wamvishe marehemu bila tabu. Vifungo vilikuwa vya urembo tu, matundu hakuna, na pindo alilipitishia uzi mmoja wa haraka. Na huku cherehani ikikimbia, aliwafariji wafiwa. Mwanafunzi wa Yesu halii kama asiye na tumaini, aliwaambia, siku ya ufufuo wafu wataamka wazima. Wafiwa wakaitikia amina, wakabeba nguo wakaenda.

Kifo hakipigi hodi, jamani. Kikaingia kwake kikamchukua binti yake wa pekee, miaka saba, homa ya siku tatu tu. We acha.

Hakutaka mtu aguse kitambaa. Alishona gauni jeupe tangu alfajiri hadi jua la utosini, mgongo mzima, bitana, vifungo sita na matundu yake sita. Pindo aliliacha pana, vidole vinne, kama mzazi yeyote anavyofanya kwa sare ya shule, mtoto asije akarefuka nguo ikamwacha. Dada yake alipoliona alimuuliza taratibu, hilo la nini tena. Fundi akajibu kwamba hajui kama huko watoto wanakua, ila wa kwake hataamka na nguo inayombana. Dada mtu akatoka nje kulia.

Mochwari, mhudumu alimweleza kwamba mwili umekakamaa, lazima wapasue mgongo, ndivyo wanavyofanya siku zote. Alijua, nani ajuaye kama yeye? Akamsogeza pembeni, akaikanda mikono ya mwanawe polepole, akimsemesha kama asubuhi za kumwandaa kwenda shule, mpaka gauni likaingia. Akafunga vifungo vyote sita.

Kanisani jeneza lilifunuliwa watu waage. Akafika Mama Mkaa, jirani yao muuza mkaa, aliyemzika mwanawe wa miaka mitano mwaka uliopita. Alisimama pale kupita kiasi, foleni ikangoja. Akaligusa pindo, akapitisha kiganja chini ya mgongo wa mtoto, kisha akamgeukia fundi.

"Dada, na wangu ulimshonea hivi?"

Fundi angeweza kusema ndiyo. Nani angefukua kaburi? Na macho ya mwenzake yalikuwa yanaomba adanganywe. Lakini mchungaji alikuwa ametoka kusoma habari za jiwe lililoviringishwa na kaburi tupu, na fundi alikuwa amesikiliza kwa aibu. Mdomo wake ulihubiri ufufuo miaka yote, mkasi wake haukuamini hata siku moja.

"Hapana," alisema. "Wako nilimwacha mgongo wazi. Nisamehe, dada. Sikudhani ataamka."

Mama Mkaa akakaa sakafuni, akalia kilio cha mwaka mzima. Alisema mwanawe alikuwa mtoto wa haya, hata kuoga alifunga mlango, sasa siku hiyo mbele ya watu wote atafanyaje. Mchungaji mwenyewe alitazama viatu vyake.

Fundi aliinama juu ya jeneza, mdomo sikioni mwa binti yake.

"Ukiamka, mama, usinikimbilie mimi kwanza. Mtafute rafiki yako, yule wa kwa Mama Mkaa. Atakuwa amejibana ukutani, anaona haya. Fumua pindo, mfunike mgongo. Halafu ndiyo mje, wote wawili."

Kisha akaushika uzi wa kwanza wa pindo kwa kucha, akaulegeza, ili vidole vidogo visije vikapata shida.