Nyumba ya Mbwa Mkali

Mwalimu wa jiografia alizunguka shule nyingi akifundisha watoto kuchora ramani kwa simu. Mtaa aliokulia yeye mwenyewe kwenye ramani ulikuwa pori tupu, na jambo hilo lilimkera. Akawatuma wanafunzi wapite mlango kwa mlango, kila nyumba waipe namba. Ramani ilipotoka akaiweka mtandaoni kila mtu aione, na kichwa kikamvimba kidogo.

Kisha asubuhi moja wakaja watu wa bomoabomoa. Hawakumuuliza mtu njia. Simu mkononi, ramani ile ikiwa wazi, walipiga ukuta baada ya ukuta alama nyekundu, na chini yake wakaandika namba zilezile za wanafunzi. Mwisho wa kuhama ulikuwa jioni ileile.

Alimkuta shangazi yake, aliyemlea, akitoa vyombo nje.

"Shangazi, naenda ofisini kwao. Nitawaeleza ramani ilikuwa ya masomo tu."

"Nenda, profesa. Usipotee njia."

Shangazi hakucheka. Alinyoosha kidole kwenye nyumba ya jirani, ambayo ukuta wake ulikuwa mweupe pe. Mwalimu aliikumbuka. Watoto waliiruka kwa kuogopa mbwa, naye akawagombeza kwa uzembe.

"Mwenyewe kalala ndani, hana habari," shangazi alisema, akifunga godoro kwa kamba. "Sisi ulitukumbuka mno, mwanangu. Ungetusahau na sisi."

Mwalimu akainama, akashika upande wa pili wa godoro. Wakalibeba mpaka barabarani.

"Haya, tuelekee wapi?" shangazi akauliza.