Lafudhi ya Mama Mkwe

Delmar Kuhlmann hakuwa mtu wa maneno. Kwa Kiingereza, lugha aliyozaliwa nayo, angeweza kumaliza siku nzima kwa maneno ishirini, na kumi kati ya hayo yalihusu mvua. Lakini mpe Kijapani uone. Kwa Kijapani alikuwa mpiga soga wa kutupwa: umelalaje, umekula nini, mbona umekonda hivyo, na kabla hujajibu ameshakuonea huruma.

Shida ni kwamba aliongea kama bibi kizee, na mwenyewe hakujua.

Mkewe Shizue alijua, na kwa miaka thelathini na sita ya ndoa hakufungua mdomo. Kwao Japani wanawake wana namna yao ya kusema na wanaume wana yao. Neno ni lile lile ila mwisho wake ni mwingine, na hata mtoto mdogo hakosei. Mwanamume akisema kike, watu hutazama chini ili wasimcheke usoni. Sasa huyu Delmar, pande la mtu, aliyerudi kutoka vita vya Korea na vipande vya chuma kwenye nyonga, alisema kike. Tena si kike cha mjini, ambacho kingekuwa na nafuu. Chake kilikuwa cha shamba, cha milima ya kaskazini, cha wajane wanaokaa kando ya moto wakimenya matunda ya kukausha.

Hapo Nebraska haikumsumbua mtu, maana nani angesikia? Wilaya nzima Mjapani alikuwa Shizue peke yake. Walilima mahindi, wakafuga nguruwe, wakamlea binti yao Lorna mpaka akaolewa Denver, na mwanamume akaendelea kuongea kama bibi kizee kwa raha zake. Mpaka Septemba ya mwaka 1988, ilipofika ile postikadi.

Shizue aliisomea pale pale barabarani, kando ya sanduku la barua. Iliandikwa hivi: "Chama chetu cha ushirika kinakuja kutazama mahindi ya Marekani. Tarehe kumi na nne basi litapita karibu nanyi. Nitafika saa nane mchana. Nitaondoka saa tisa. Tokuji." Alipomaliza kuisoma akakaa chini kwenye kokoto, mwanamke wa miaka hamsini na minane, kama mtoto aliyechoka kutembea.

Tokuji alikuwa kaka yake mkubwa. Walizaliwa watatu; wa kati, Yasuo, alizama na meli yake ya kivita, na Wamarekani ndio walioizamisha. Shizue alipokwenda kufua nguo kwenye kambi ya Wamarekani ili nyumbani wapate kula, Tokuji alikuwa mbali, kwenye machimbo ya makaa. Ndipo Shizue alipompata askari huyu mwenye kuchechemea. Majira yote ya baridi askari alikuja kila Jumapili kukaa motoni na mama yao mjane, na mama, ambaye hakujua neno la Kiingereza, akamfundisha kuongea. Tokuji aliporudi alikuta dada mtu ameshaolewa.

Kwao mtu akitoka nyumbani husema, "Nakwenda, nitarudi," na waliobaki ndani hujibu, "Nenda urudi." Siku Shizue alipoondoka, Tokuji alisimama mlangoni akamwambia, "Yasuo yuko chini ya bahari. Ukitoka na huyu, usiseme utarudi. Sema unakwenda tu." Shizue akasema nakwenda. Hakuna aliyejibu. Mama alikuwa jikoni, amejiziba mdomo kwa aproni.

Jina la Shizue likafutwa kwenye daftari la ukoo. Mama alipokufa, mwaka 1961, Shizue alipata habari miezi mitatu baadaye, kwa barua ya jirani. Mara tatu alimwandikia Tokuji kumwomba jambo moja tu, ruhusa ya kurudi asimame kwenye kaburi la mama na kuwasha ubani. Mara tatu hakujibiwa. Kwa hiyo ile saa nzima ya tarehe kumi na nne, kwake, ilikuwa ndiyo nafasi ya kuomba tena. Ikipotea haitarudi.

Na Delmar alitaka kuongea.

"Nitamwomba radhi," alisema, kwa Kiingereza, huku akipaka siagi mkate. "Nimekuwa nikijiandaa."

Kweli alikuwa akijiandaa. Asubuhi yake Shizue alimsikia ghalani, anaihutubia mashine ya kuvunia mahindi. "Kaka, jamani," alikuwa akiiambia, kwa Kijapani, ameishika kofia kifuani. "Mie nakuomba radhi, mwaya. Usiniwekee kinyongo, mwaya." Shizue aliegemea ukuta wa nje akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha machozi yakakataa kukauka. Alimwona Tokuji akilini, akisikia maneno hayo, mkulima mgumu, askari wa zamani naye. Ama angedhani anadhihakiwa, ama angecheka, na Delmar angejua. Alishindwa kuamua lipi ni baya zaidi.

"Del," alimwambia wakati wa chakula cha mchana, "kwenye basi kutakuwa na mkalimani. Wewe ongea Kiingereza."

"Mkalimani wa nini?"

"Upumzike."

"Dada yake nilimposa kwa mdomo wangu," alisema Delmar. "Radhi nitaiomba kwa mdomo huo huo." Hayo yalikuwa maneno mengi kwake, na hakuongeza.

Ilikuwa nafasi ya kumwambia ukweli. Shizue alifungua mdomo, akaishia kumwongezea viazi. Jamani, ungemwambiaje? Mwanzoni, kule kambini, alinyamaza kwa sababu ilimchekesha. Halafu wakaja Nebraska, na mwaka ule wa barua ya jirani akakaa jikoni mchana kutwa bila kuwasha jiko. Delmar akaingia kutoka shambani, akavua buti, akakaa sakafuni karibu naye. Akamwambia yale ambayo mama alimwambia kila aliyeingia kutoka kwenye theluji, hata awe mchuuzi wa sindano: "Umechoka, mwaya. Sogea motoni ule kwanza. Mengine yatangoja." Tangu siku hiyo Shizue aliapa hatamrekebisha hata herufi.

Tarehe kumi na nne ilikuwa na joto. Alipika supu ya viazi kama ya kwao, japo viazi vyenyewe havikuwa vile vya kwao. Saa nane kasorobo basi lilisimama kwenye njia ya shamba, limejaa wazee wa ushirika waliovaa kofia za kufanana, na akashuka mmoja tu.

Shizue alimtambua kwa mwendo, ule wa kuburuta mguu aliorudi nao vitani. Sura ilikuwa imezeeka. Alikuwa mdogo kuliko alivyomkumbuka, amevaa suti nyeusi na tai katika jua lile, na miguu ilimtetemeka kwa safari. Alipanda ngazi ya baraza, akasimama mbele ya mlango uliofunguliwa. Hakuvua viatu.

"Dada," alisema. Alikuwa hajamwita hivyo tangu mwaka 1952, lakini alilisema kama mtu anayesoma jina kwenye karatasi.

"Kaka. Karibu ndani."

"Hapa panatosha. Saa moja si nyingi."

Delmar alitokea nyuma ya mkewe, amevaa soksi, nywele amezilaza kwa maji. Mkononi alikuwa na karatasi ya hotuba, imekunjwa mara nne. Shizue akawahi: "Kaka, huyu ni mume wangu, Kijapani chake si—"

Lakini Delmar alikuwa hatazami karatasi. Alikuwa anatazama miguu ya mzee inayotetemeka. Hotuba yote ikamtoka kichwani, na mdomo ukasema wenyewe kile ulichozoea.

"Umechoka, mwaya," alisema. "Sogea motoni ule kwanza. Mengine yatangoja."

Moto wenyewe haukuwepo, ilikuwa Septemba. Shizue aliinamisha kichwa akatazama mbao za baraza. Akajiambia, basi, imekwisha.

Tokuji alimtazama Delmar juu mpaka chini. Kisha akasema, "Sema tena."

Delmar alimgeukia mkewe, akiamini amekosea. Mkewe hakuinua uso. Akarudia, kwa sauti ya chini zaidi, na kwa sauti hiyo ya chini ilikuwa mama mtupu.

Tokuji alivua kofia. "Nani amekufundisha kuongea?"

"Mama," alisema Delmar. "Zile Jumapili za baridi. Tulikuwa tunamenya matunda. Nikikosea ananipiga kwa kijiko, jamani."

Mzee aliketi pale pale kwenye ngazi, na suti yake nzuri. Alilia bila kujificha, mikono magotini, na alipopata pumzi alizungumza akitazama mahindi. "Miaka ishirini na saba sijasikia hivi. Mke wangu ametoka mjini. Wanangu wanaongea kama redio. Kijijini waliosema hivi wote tumewazika." Alijifuta kwa kiganja. "Nimekuja mpaka huku nikaikuta lugha yake kwa Mmarekani." Halafu mabega yakaanza kumtikisika, na Shizue akaona kwamba sasa ni kicheko. "Anaongea kama mama, dada. Lijitu lote hili. Mpaka ule mwaya wake."

"Kama mama vipi?" aliuliza Delmar.

Tokuji alimtazama dada yake. "Hukumwambia?"

Basi akaambiwa, hapo barazani, kwa Kiingereza, na mkewe. Shingo ya Delmar ikawa nyekundu, kisha masikio. Alifikiri kwanza. Hakuwa mtu wa haraka.

"Wale walinzi wa geti kule kambini," alisema. "Waliokuwa wanainama sana nikiwasalimu."

"Walikuwa wanaficha nyuso."

"Na yule mpishi Mjapani wa Denver, kwenye harusi ya Lorna."

"Alikwenda jikoni kucheka. Nilimsikia."

"Shizu." Mambo machache yaliwahi kumwuma maishani, na hili lilikuwa mojawapo. "Umeniacha nichekwe miaka thelathini na sita."

"Nimekuacha."

"Kwa nini?"

"Ningekurekebisha, ungeongea vizuri kama mwanamume," alisema Shizue. "Na mimi ningemsikia wapi mama?"

Delmar aliikunja karatasi ya hotuba mara ya tano, akaitia mfukoni. Alimtazama mkewe kwa muda, mwanamke mdogo mwenye aproni ya maua, ambaye hakuwahi kumwomba kitu kikubwa, kumbe alikuwa amejichukulia.

"Haya," alisema mwishowe. "Usinirekebishe sasa. Nimeshazeeka."

Tokuji akavua viatu, akaingia. Kwenye meza ya jikoni Delmar aliomba radhi hata hivyo, kwa sababu alikuwa amejiandaa: kwa ajili ya Yasuo, na kwa ajili ya dada. Aliomba kwa mdomo ule ule, jamani na mwaya zote zikiwa ndani, na safari hii hakuna aliyecheka.

"Ya Yasuo usiombe wewe," alisema Tokuji. "Ulikuwa shuleni Yasuo alipozama. Nilijua hivyo hata siku ile. Nilitaka mtu wa kumkasirikia, na wewe ndiye ulikuwa karibu." Alionja supu. "Viazi hivi sivyo."

"Huku hakuna vyenyewe, Kaka."

"Sivyo kabisa," alisema, akasukuma bakuli aongezwe.

Saa tisa na robo basi lilipiga honi. Tokuji alifunga kamba za viatu polepole, na bila kuinua kichwa akasema, "Mwakani, mwezi wa nane, tunawasha taa za wafu. Uje kaburini. Nitakuja kuwapokea stesheni."

Shizue alishika mlango.

"Na huyu umlete. Aongee pale, mama asikie kama amefundisha vizuri."

Walimsindikiza mpaka basini, Delmar akichechemea upande mmoja na Tokuji upande mwingine, kila mmoja na vita vyake mguuni. Mzee aliweka mguu kwenye ngazi ya basi, akamgeukia dada yake.

"Nakwenda," alisema. "Nitarudi."

Shizue alilijua jibu. Alikuwa amelingoja miaka thelathini na sita, akiwa upande ule mwingine wa mlango. Lakini akajikuta amejiziba mdomo kwa aproni. Akasikia mkono wa mumewe mgongoni.

"Nenda urudi, mwaya," alisema Delmar, kwa sauti kubwa, kuishinda injini. "Usichelewe, na ujifunike kifua."

Madirisha yote yalikuwa wazi. Wazee wa ushirika walisikia, mmoja akapasua kicheko, na mara basi zima likawa linacheka. Tokuji alipanda ngazi iliyobaki, akasimama katikati yao na kofia yake mkononi.

"Nyamazeni," akawaambia. "Huyo ni mama yangu anaongea."

Wakanyamaza, wakavua kofia mmoja mmoja.