Presha ya Mzee

Lori lile lilikuwa limefikia umri wa kuitwa Mzee, na ndivyo gereji nzima walivyoliita. Dereva wake, ambaye ndiye mwenye mali, aliitwa Sikio. Jina hilo alilipata kihalali. Enzi zake angeweza kulala kitandani, lori la mtu lipite barabarani, na kesho yake amwambie mwenyewe nozeli ipi ya dizeli inaumwa. Watu walikuja kumwazima sikio kama wanavyoazima ngazi.

Kwa hiyo Jumamosi asubuhi alipoingia gerejini na boksi kwapani, akalifungua, zikatoka geji mbili mpya za mshale, moja ya presha ya oili na nyingine ya presha ya dizeli, Dada Spana aliweka kikombe chake chini. Dada Spana ndiye fundi mkuu, mwanamke wa miaka arobaini na ushei aliyerithi gereji kwa baba yake, na ulimi pia. Miaka yote alikuwa akimsikia Sikio akisema geji ni fimbo za vipofu.

Alimuuliza kama amelogwa au amezeeka. Sikio akajibu kwamba Jumatatu ana mzigo wa saruji wa kupeleka juu mlimani, na kinga ni bora kuliko tiba.

"Kinga umeijua lini wewe, mjomba?" Dada Spana akasema. "Hata mwavuli hujawahi kuwa nao."

Ukweli Sikio aliubana mwenyewe. Tangu mvua za mwaka jana masikio yake yalikuwa yakifunga kama duka lenye mlango wa mbao, ubao mmoja mmoja. Zilianza kupotea sauti ndogo, ndege na simu, ikafuata birika, ikafuata adhana na kengele, mwisho injini yenyewe. Siku hizi alimsikia Mzee kwa nyayo na kwa makalio. Alijua nyumbani wakigundua, ufunguo utakwenda kwa mkwewe, kijana mwema aliyemuoa binti yake, lakini mwenye kubadilisha gia kama anavunja kuni. Na Sikio bila ufunguo ni nani? Mzee wa kukaa kibarazani kuhesabu wapita njia. Kwa hiyo alipiga hesabu zake kimyakimya: sikio likistaafu, jicho liajiriwe.

Kazi ilianza. Dada Spana alifungua swichi ya taa ya oili ubavuni mwa injini, akafunga kiungo cha shaba chenye matawi mawili, taa ya zamani ikabaki na sensa mpya ya kupeleka habari kwenye geji ikapata pake. Kila uzi wa skrubu aliuvika utepe mweupe, ila ule wa mbele kabisa aliuacha uchi, maana kipande cha utepe kikikatika na kuingia kwenye njia ya oili, alisema, utakuja kunililia hapa na mimi sina leso. Sensa ya dizeli akaifunga kichwani mwa filta, mahali pa bolti ya kutolea hewa. Sikio alitaka mpira wa dizeli uje moja kwa moja mpaka kwenye geji. Dada Spana akakataa katakata. Dizeli haiingizwi chumbani anapokaa mtu na sigara yake. Kitakachoingia ni waya tu. Waya zenyewe akazipitisha kwenye tundu lenye mpira ili bati lisizikate, na geji zote mbili akazipachika kwenye nguzo ya kando ya kioo cha mbele, usawa wa macho. Sikio alizitazama kama bwana harusi.

Walipopampu kwa mkono mpaka dizeli ikaja bila povu, Mzee akawashwa. Mshale wa oili uliruka mpaka sitini, ukatulia hapo. Na hapohapo mkanda wa feni ukaanza kupiga yowe. Ilikuwa yowe la paka aliyekanyagwa mkia, na asiyeachiwa. Mafundi wawili waliokuwa wakinywa chai waliziba masikio. Sikio akasimama mikono kiunoni, uso umemnawiri.

"Anaimba vizuri leo," akasema.

Dada Spana alimtazama. Kisha akarudisha macho kwenye mshale, maana injini ilikuwa bado inapata moto. Lakini simu ya Sikio iliyokuwa kwenye kiti ililia mpaka ikakatika, ikalia tena, ikalia ya tatu, na mwenyewe yuko hatua moja tu kutoka ilipo. Ya nne Dada Spana aliipokea kwa kiwiko, mikono ikiwa imejaa oili.

Aliyepiga ni dada yake Sikio, aliyeitwa Redio. Wazazi wao walizaa wawili, mmoja wa kusikia na mmoja wa kutangaza. Redio alitaka kuuliza kama kaka yake atakula nyumbani, ila kelele za injini hazikumpa nafasi. Alichokisikia ni sauti ya Dada Spana ikipaza:

"Presha ya Mzee inashuka! Ilikuwa sitini, sasa ishirini na tano. Kwa umri wake si ajabu. Ikifika kumi, namzima."

Redio hakungoja kusikia zaidi.

Presha haikufika kumi. Ilisimama kwenye ishirini, na Dada Spana alipokanyaga mafuta ikapanda kwa adabu. Mzee alikuwa mzima. Ya dizeli ilikuwa chini kidogo, ikabadilishwa filta, ikarudi mahali pake, huku simu ikilia tena na tena kitini na fundi mikono imejaa dizeli. Kisha akazima injini, akajifuta mikono, na huku amempa Sikio mgongo akasema kwamba mkanda wa feni umelia muda wote huo.

Sikio aliendelea kupangusa vioo vya geji zake. Dada Spana akageuka, akayarudia maneno yaleyale mbele ya uso wake.

"Niliusikia," Sikio akasema.

"Na simu?"

Sikio akaziangalia geji zake. Dada Spana akasogea karibu, akasema taratibu, midomo ikionekana vizuri.

"Mjomba, hizi zitakwambia habari za oili na dizeli. Honi ya aliye nyuma yako mlimani hazitakwambia. Mimi sitasema kwa mtu, si Redio mimi. Lakini Jumatatu ukiushika huo ufunguo, uushike ukijua."

Sikio alifungua kinywa ajibu, geti likafunguka kabla yake. Mbele alikuwa Redio, kitambaa cha kichwa mkononi. Nyuma yake mkewe Sikio, mkwe na mto wa kitandani, majirani wasiopungua wanane na chupa mbili za chai, na muuguzi wa mtaa wa pili na mashine yake ya kupimia presha. Walimzunguka Sikio, wakamkalisha juu ya tairi, mmoja akamfungua vifungo vya shati. Redio alikuwa akimwonyesha Dada Spana kidole na kuwaambia watu kwamba huyu, kwa masikio yangu, amesema akifika kumi anamzima.

Ilibidi Dada Spana amwashe Mzee upya na kuwaonyesha mshale mmoja mmoja, kama mwalimu wa chekechea, ndipo waelewe mzee yupi na presha ipi. Kicheko kilichofuata kiliwaleta mpaka mafundi wa gereji ya jirani. Chai ikamiminwa, kwa kuwa ilikwisha kuja. Muuguzi naye akasema hawezi kubeba mashine jua lote lile bure, akamfunga Sikio mkono. Presha ya mtu ilikuwa nzuri kuliko ya lori.

Mkewe peke yake hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, na Sikio akaona miguu yake: kandambili moja ya bluu, nyingine ya kijani ya mjukuu, kisigino kikining'inia nje. Akamsogelea.

"Nimekupigia njia nzima," mkewe akasema. "Mara tatu, nne. Hupokei. Nikasema basi, amekwenda."

Haya Sikio aliyaelewa yote, maana alikuwa akimtazama mdomoni. Angeweza kusema simu ilikuwa mbali. Uongo huo ulikuwa mwepesi, na nyumbani ulikwisha kufanya kazi mara nyingi. Lakini zile kandambili zilimshinda.

"Presha ni nzima," akasema, kwa sauti kubwa ya mtu asiyesikia anachokisema. "Kilichokufa ni masikio. Tangu mvua za mwaka jana. Injini siisikii, simu siisikii, wewe nakusoma mdomo."

Aliyekuwa akimimina chai akasita. Sikio alichomoa ufunguo wa Mzee, akauweka kwenye kiganja cha mkewe. Mkewe aliushika kidogo, akaufuta kwa upindo wa kanga, akampa mkwe. Kisha akamwambia mumewe, akitamka kila neno, kwamba Jumatatu saruji itakwenda mlimani na wao wawili watakwenda kwa daktari wa masikio.

Sikio alimwita mkwe ndani ya lori. Alimwonyesha mshale wa juu na wa chini, akamweleza upi ukishuka unadai nini. Dada Spana akaomba rangi ya kucha; kwenye mkoba wa Redio haikosekani. Sikio mwenyewe alichora mstari mwekundu kwenye kioo cha geji ya oili, penye kumi.

"Mshale ukifika hapa, zima, usibishane nao," akamwambia mkwe. "Na gia ni za chuma, mwanangu, lakini zina roho."

Walipoteremka walimkuta Redio amesimama peke yake, chupa ya rangi mkononi, uso wa mtu anayejumlisha.

"Tangu mvua za mwaka jana?" akauliza.

Sikio akatikisa kichwa kukubali.

"Na mambo yangu yote niliyokuwa nakuletea kibarazani? Ya mwenye nyumba? Ya yule mchumba? Nikasema kaka yangu amekuwa mtu mzima sasa, anasikiliza mpaka mwisho, hanikatizi."

"Nilikuwa natikisa kichwa," Sikio akakiri.

Redio akaburuta pipa tupu, akalisimamisha mbele ya kaka yake, goti kwa goti, akakaa, akajifunga kitambaa chake vizuri. Akaanza upya, tangu mvua za mwaka jana, kwa sauti ya kufika pale inapotakiwa kufika, na gereji zote mbili zikazima injini.