Majina Matatu ya Kibatari

Ninajilaza kochini baada ya chakula cha mchana, nusu saa tu, nimeshatega kengele ya simu kwa sababu mimi si mtu wa kulala ovyo, na kabla kichwa hakijatulia kwenye mto kochi linaanza kwenda. Halitikisiki, linakwenda tu, na linaponishusha niko katika mji wa ugenini, majengo yote ya kioo, kila mtaa unatazamana na mtaa mwingine unaofanana nao, ila kushoto kwake kumekuwa kulia. Sishangai. Ninajua nimekuja kumtafuta Kibatari. Tulilala kitanda kimoja cha dabodeka miaka minne shuleni, yeye juu mimi chini, tukaitana kwa majina niliyoyagawa mimi mwenyewe wiki ya kwanza: yeye Kibatari, kwa kusoma gizani mpaka macho yakawa mekundu, mwenzetu wa tatu Makoko, kwa kukwangua masufuria ya bwalo, na mimi wakanilipa kwa kuniita Ratiba, nadhani mnaona kwa nini. Baadaye kazi ikampeleka Kibatari ng'ambo, mwaka jana mama yake akafariki huku nyumbani, na mimi sikwenda msibani. Sikupata habari. Hilo ndilo neno ninalotaka kumwambia, sikupata habari, nimelibeba mwaka mzima na leo ninataka kulitua, na milango ya mji huu inafungwa saa sita mchana, sijui nimeambiwa na nani lakini ninajua.

Kila jengo lina orodha ya wakazi mlangoni, majina matatu matatu kama kwenye fomu, na kitufe cha kengele mbele ya kila mmoja. Ninatafuta Kibatari, ninapitisha kidole juu mpaka chini, hakuna. Mlangoni amekaa bawabu mwenye koti la kijivu, uso wake laini kama yai lililomenywa, hana macho wala mdomo, na bado anasema. Unamtafuta nani? Namwambia Kibatari. Hapa tuna umeme, anajibu. Namwambia si taa, ni mtu, mwanamke mrefu, ana mwanya. Wenye mwanya wamo wengi, anasema, na hakuna aliyeandikwa kwa mwanya wake. Sasa ameandikwa kwa kitu gani, baba? Kwa kile alichokuja nacho, anasema, si kwa kile ulichomvisha. Nimeuliza swali rahisi kabisa. Ninavuka kwenda jengo linalofuata, na linalofuata ni lile lile, bawabu ni yule yule, jibu ni lile lile, ninazunguka kona nne na zote zinanirudisha, na hasira imenijaa mpaka masikio yanawaka. Lazima niliwahi kulisikia jina lake, liliitwa kwenye rejista kila asubuhi miaka minne naye akaitika, lakini mimi muda ule nilikuwa ninapanga daftari zangu.

Kwenye mtaa wa tano, au ni ule wa kwanza umegeuzwa, ninamkuta Makoko ameketi kwenye ngazi za duka, anakula. Amevaa sweta letu la shule, limembana mikononi, maana sasa ni mama wa watoto wanne. Ratiba, anasema, umechelewa. Sijawahi kuchelewa maishani mwangu. Ni miaka kumi na tisa hatujaonana, ningepaswa kumkumbatia, badala yake ninamuuliza saa ngapi, naye anacheka mpaka anapaliwa. Kaa kwanza upumue, shoga, mbona una haraka hivyo, hebu tuuone mji wa watu. Namwambia hatukuja kutembea. Wewe hukuja kutembea, anasema, na kuingia dukani, na duka linauza viatu vya kushoto tupu, naye anajaribu kimoja kimoja, anajitazama kwenye kioo, ananiuliza chekundu au cheusi, na mimi nimesimama mlangoni nataka kulia. Ninampenda Makoko, na ningeweza kumpiga. Mwishowe anatoka amevaa viatu viwili vya kushoto, anavuka barabara, anasimama mbele ya jengo ambalo nimeshalipita mara kumi. Si ndiyo hapa, anasema, jina lake hili hapa. Ninainama nisome, lakini herufi zinanigeuzia mgongo. Lipi, ninauliza, Makoko, nionyeshe ni lipi. Ameshabonyeza, ameshamnong'oneza bawabu, mlango umemmeza na kujifunga. Mmoja mmoja, bawabu ananiambia, na kwa jina.

Ninapiga mlango kwa ngumi mpaka vidole vinauma. Ndani kuna vicheko, kuna vijiko, kuna harufu ya maharage ya nazi, kisha ninasikia hatua na sauti ya Kibatari karibu kabisa. Nani? Namwambia ni mimi, Ratiba. Subilaga Edson Mwaisumo, anasema, taratibu, bila hasira, na hakuna rafiki aliyewahi kuniita majina yangu yote matatu. Nifungulie, ninamwambia, nina neno. Niite nikufungulie, anasema. Kibatari. Niite. Kibatari, mpenzi wangu, acha utani, saa sita inakaribia. Basi ninalisema hapo hapo, mdomo kwenye tundu la kufuli: sikupata habari. Tangazo lilisomwa redioni siku tatu, anajibu, nilitajwa mimi peke yangu, sikuwa na ndugu wa kutajwa naye, kwa hiyo jina lilikuwa moja tu. Ulikuwa unasikiliza? Na ninakumbuka. Nilikuwa ninachambua mchele, redio iko dirishani, nililisikia tangazo lote, kijiji, marehemu, mtoto wake wa pekee aliyeko ng'ambo, nikasema Mungu amlaze pema, nikaendelea na mchele wangu. Habari niliipata. Ninafungua mdomo nimwambie hivyo na saa sita inagonga.

Ninaamka kochini, kengele ya simu inalia. Ninajifinya mkono, unauma, lakini hata kule vidole viliniuma. Ukuta wa sebule una picha ya harusi yetu na mimi niko upande wa kulia wa mume wangu, nami ninajaribu kukumbuka kama ndivyo ilivyokuwa siku zote. Sikumbuki. Ninamwandikia Makoko: hivi Kibatari anaitwa nani hasa? Anajibu upesi, labda naye alikuwa na simu mkononi. Majina yake yote matatu ninayajua tangu kidato cha kwanza, anaandika. Kisha unaingia ujumbe mwingine: kwani yangu unayajua? Ninatazama juu ya skrini, pale simu inapoonyesha unaongea na nani. Imeandikwa Makoko.